Nilivyomtuma Mkwe Wangu Urusi

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alizaliwa kisiwani Kilwa, hicho cha hapa ziwani, si Kilwa ya pwani, na kwamba mama yangu alizaliwa Puta, akaletwa kisiwani kwa mtumbwi akiwa bibi harusi, akitapika njia nzima. Majina yao usiyaandike. Ukiyaandika, watatokea watu kutoka kando zote mbili za ziwa kudai kwamba nao ni wajukuu, na mimi nimekwisha kulisha jamaa wa kutosha.

Andika pia kwamba sikusoma. Shuleni niliingia mara chache tu, kuwauzia walimu samaki, na kwa jinsi walivyokuwa wakichagua samaki sikuona kilichonipita. Maneno haya nataka yawe ya Kiswahili, si Kibemba tunachosema nyumbani, ili ndugu za baba yako walio ng'ambo, Kongo, nao wayasome na wakasirike vizuri. Yaandike kwa mpango, kama yanayosomwa kanisani. Lakini mtu akisema, mwache aseme kama alivyosema.

Habari yenyewe ni ya baba yako, na namna alivyochagua shule ya udaktari. Watu wa hapa Nchelenge wanaisimulia kama hadithi ya mtu mwenye akili. Hawakuwepo.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya tisini, nawe ulikuwa ukipoteza meno ya utoto. Baba yako alikuwa amefikia umri ambao madaktari wengine huwa wamekwisha kuua wagonjwa wao wa kwanza. Alikuwa na mke, watoto wawili na kipara, ingawa hicho kipara mimi sikukijua bado, na nitaeleza kwa nini. Alikuwa amesoma shule yake yote Kongo, kwa Kifaransa, kisha akavuka ziwa, akamwoa mama yako, binti yangu, akapata kazi katika zahanati ya huku. Alifunga vidonda, alichoma sindano, aliwashika watu miguu daktari alipokuwa akiwakata. Yule daktari, mzungu mzee aliyekuwa karibu kurudi kwao, alimwambia siku moja kwamba anapoteza maisha yake kwa kushika miguu, na kwamba aende akasomee udaktari kabla hajazeeka. Wazungu wakikaribia kuondoka husema mambo ya namna hiyo. Baba yako aliyasadiki.

Zilikuwapo shule tatu ambazo angeweza kuziomba. Moja ilikuwa Lusaka, ambako wangemfundisha kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza kwa redio, na angekaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Ya pili ilikuwa Lubumbashi, ambako angefundishwa kwa Kifaransa na asionekane mjinga. Lakini Kongo kulikuwa na vita, na kila juma tuliona mitumbwi ikivuka na watu waliobeba magodoro na kuku. Ya tatu ilikuwa Urusi. Serikali ilikuwa ikiwapeleka watu huko kwa gharama yake, kisha ikingoja kuona nani atarudi.

Sasa sikiliza, maana bila jambo hili hakuna atakayeelewa. Kwetu mkwe haoni uso wa mama wa mke wake, wala mama huyo haoni uso wake, mpaka siku mama huyo atakapompikia na kumwingiza nyumbani. Akikutana naye njiani, anaingia kwenye mihogo. Wakiwa na neno la kusema, wanasema uzio ukiwa kati yao, na mtu wa tatu analibeba neno, hata kama kila mmoja amekwisha kulisikia. Na mkwe ambaye hajaingizwa habishani. Akiambiwa na mama mkwe, anakubali. Wengine huingizwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Baba yako nilikuwa nimemkawiza miaka tisa, kwa sababu wajomba zake walipokuja kumposea walikula samaki wangu wote, kisha wakasema chumvi ilipungua. Kwa miaka tisa nilimjua baba yako kwa miguu yake, niliyoiona chini ya matete, na kwa kikohozi alichotoa kunijulisha kwamba anapita. Miguu ilikuwa mizuri. Kikohozi kilikuwa cha mtu anayeomba radhi.

Basi alikuja jioni moja upande wake wa uzio, mimi nikiwa upande wangu nikipasua mpale, wale samaki wapana, wa kukausha, na mama yako akakaa kwenye pengo la matete kubeba maneno.

"Umwambie Mama," baba yako alisema, "nataka kuomba masomo ya bunganga, niwe dokta. Lakini sijue fasi gani."

"Anasema hajue fasi gani," mama yako alisema.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mwambie bunganga si kazi ya mutu mwenye watoto wawili."

"Mama anasema—"

"Nimesikia, nimesikia. Umwambie, ku Lusaka pengine batanicheka, ju ya papye yangu ya shule, iko ya Kifaransa. Ku Lubumbashi kuko vita. Bon, Urusi ni mbali, na mi naogopa baridi. Tena kila fasi ntaenda, ntaenda na bibi na batoto. Alor, Mama anaonaje?"

Hapo ndipo jambo lilipokaa. Nilizaa watoto sita, na mama yako ndiye peke yake ambaye sijamzika. Mtu mmoja mwenye miguu mizuri alikuwa amesimama nyuma ya matete yangu akiniuliza kwa adabu ni njia gani kati ya tatu apite nayo kumwondoa. Sikuwa na shule ya kumchagulia. Nilitaka akae, ashike miguu ya wagonjwa mpaka azeeke, na mama yako aendelee kuuza samaki pamoja nami. Hilo sikulisema. Kisu kiliteleza kikanikata kidole, nami nikasema:

"Mwambie aende Urusi! Aende huko huko kwenye baridi, akapasue bazungu bao baliokufa, meno yagande mudomoni, tupumue!"

 Mama yako aligeuka, akasema taratibu, kama mtu anayeweka yai:

"Mama anasema uende Urusi."

"Asante, Mama," baba yako alisema, akakohoa, miguu ikaondoka.

Nilidhani nimemaliza. Nililala vizuri. Siku zilipita, kisha mama yako akaja kunisaidia kuanika chisense, wale samaki wadogo wanaotia harufu hata kwenye ndoto, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba maombi ya Urusi yamekwisha kupelekwa. Ya Lusaka na ya Lubumbashi baba yako hakuyaandika.

"Kwa nini?"

"Mama ulisema Urusi."

"Nilikuwa namtukana!"

"Nilijua."

"Basi mbona hukumwambia?"

"Mubeba maneno anaongeza maneno, Mama? Ni weye ulinifundisha."

Nilimtazama nikaona kwamba amenikasirikia, na kwamba alikuwa amefunga hasira yake vizuri kwa kitenge cha desturi, mahali ambapo sikuweza kuishika. Nilimtuma papo hapo ampelekee mumewe neno kwamba mama mkwe alikasirika tu, kwamba Urusi ifutwe. Alikwenda, akarudi.

"Anasema anakuheshimu sana, Mama. Anasema neno la mama mukwe haliwezi kufutwa na mutu aliyetumwa. Wewe mwenyewe utalifuta, uso kwa uso."

"Uso kwa uso tunaonana?"

"Hilo naye ameliona."

Mpaka leo sijui kama baba yako alikuwa mtiifu au mjanja. Nimemwuliza, akakohoa. Lakini alikuwa na haki, na kila mama hapa Nchelenge angemwambia hivyo. Tena haikuwako nafasi ya kungoja. Gari la zahanati lilikuwa linakwenda Mansa mwisho wa juma, na barua ambayo isingepanda gari hilo isingefika Lusaka kabla hawajafunga mlango wa maombi. Binti yangu angekwenda kuganda Urusi, pamoja nawe na meno yako yaliyobaki, kwa sababu nilijikata kidole nikipasua samaki.

Basi nilimpikia. Kumwingiza mkwe kwa kawaida ni kazi ya majuma: unakusanya wanawake, unatwanga, unatafuta kuku anayestahili. Mimi nilikusanya wale waliokuwa karibu. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko mimi na asiye na jino hata moja, alisimama mlangoni mwa jiko akacheka.

"Miaka tisa umekaa naye kama mufupa kooni," alisema. "Leo unakimbia na vyungu. Nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa. Nataka kumkataza kwenda Urusi."

"Unapika kuku muzima ili umukataze mutu kusafiri?"

"Kuku wawili."

"Mungu atusaidie. Mimi wangu nilimukataza kwa fimbo."

Tulipika bukari, yaani ugali wa muhogo, kuku, maharagwe, na mpale mkubwa katika chungu cha mama yangu, kile chenye ukingo uliovunjika, alichovuka nacho kutoka Puta. Chumvi nilitia ya kutosha wajomba wote wa Kongo. Tulijitwika vyungu kichwani, tukazunguka uzio tukiimba, ingawa dada yangu aliimba wimbo wa mazishi kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na ulimi wake. Baba yako alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, kitambaa kichwani, macho chini. Nilipiga magoti mbele yake, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, na magoti yangu yakalia kuliko wimbo. Nilifunua chungu. Nikamega bukari, nikachovya, nikamlisha tonge la kwanza kwa mkono wangu. Kisha dada yangu akamvua kitambaa, na baba yako akainua macho.

Tulitazamana kwa muda. Miaka tisa ni mingi kwa uso ambao hujauona.

"Kumbe uko na kipara," nilisema.

"Kumbe Mama uko mufupi," alisema. "Nyuma ya matete nilizani uko munene kama mulango."

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikucheka, lakini niliona kwamba ana macho ya mtu anayesikiliza, na nikaelewa kwa nini wagonjwa walimpenda, jambo lililoniudhi.

"Urusi naifuta," nilisema. "Nimeifuta mbele ya watu. Sasa kula, kisha uandike Lusaka, gari linaondoka kesho. Na Lubumbashi uandike, vita vitachoka siku moja. Mke wako na watoto watabaki hapa na mimi mpaka umalize."

Alimeza. Alinawa mkono taratibu, kama wanavyonawa zahanatini, kila kidole peke yake.

"Lusaka, ndiyo, Mama," alisema. "Ndiyo nilitaka tangu zamani. Bacheke, bacheke tu. Batoto ba kule batanifundisha Kiingereza, na mi ntabafundisha kushika mugonjwa. Na Lubumbashi, ndiyo. Lakini bibi yangu kubaki, hapana."

 Hata dada yangu aliacha kutafuna kwa ufizi.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, Mama."

Hilo ndilo sikulifikiri nilipokuwa nikikimbia na vyungu. Mkwe aliyeingizwa anaweza kubishana. Nilikuwa nimechinja kuku wawili ili nipate haki ya kumwamuru uso kwa uso, na kuku hao hao walikuwa wamempa haki ya kunikatalia. Nilimtazama mama yako, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Hakuwa na neno la kubeba tena. Alikuwa akimtazama mumewe kama siku alipomchagua, na mimi, ambaye sijui kusoma, nilisoma.

"Basi nani atanisaidia na samaki?" nilisema. Nilikuwa nimekusudia kusema kitu kingine chenye ukali.

Baba yako alifikiri. Hakuniambia nisihuzunike, nashukuru, ningemmwagia maharagwe.

"Mutoto mukubwa abaki na Mama," alisema. "Asome hapa. Atakusaidia, na kila likizo tutakuya. Hivyo tutakuwa na sababu ya kurudi, hata kama Mama atatuchokoza."

Ndivyo ulivyobaki kwangu. Ulilia juma zima, kisha ukagundua kwamba kwangu huogeshwi kila siku.

Andika mwisho wake, kwa kuwa watu hupenda kujua. Gari lilipeleka barua. Lubumbashi hawakujibu, na sikuwalaumu. Huwezi kujibu barua huku umebeba godoro. Urusi walijibu kwanza, wakamkubali, na barua yao ilikuja ikiwa nzuri mno, yenye mhuri kama wa mfalme. Baba yako alikaa nayo mapajani, akaniuliza mimi tena, safari hii bila uzio: angoje Lusaka, ambao pengine watakataa, au ashike hiki alichonacho? Nilimwambia kwamba Urusi niliifuta mbele ya wanawake na kuku, na kwamba sitapika tena. Alingoja. Lusaka walikubali baadaye, kwa sharti kwamba aanzie chini, na vijana wa darasa lake wakamwita "tata", yaani baba, mpaka siku ya mwisho.

Sasa vitu utakavyonitunzia. Chungu cha mama yangu weka wewe. Shangazi za kanisani wakikiomba wakidai kwamba ni cha kupika msibani, wape sufuria. Ukingo uliovunjika usiuzibe. Barua ya Urusi ipo chini ya chungu, kinakaa juu yake kisitikisike. Iache hapo hapo, ndiyo kazi pekee iliyopata. Uzio wa matete usiujenge upya, lakini kwenye pengo alipokaa mama yako usipande kitu. Picha ya baba yako katika koti jeupe usiitundike mahali ninapokula.

Na huyo atakayekuoa, mpikieni mapema. Haya, nisomee ulichoandika. Kama umeniongezea adabu ambayo sikuisema, ifute.