Mtangazaji Aliyenyamaza Kilimani

Mume wangu, Cleophace Byarugaba, ukiishi naye nyumbani utadhani maneno yanauzwa kwa kilo. Ukimuuliza kama chakula kimemtosha, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anaangalia juu, halafu anakuangalia wewe, basi umeshajibiwa. Nimekaa naye miaka ishirini na sita hapa Ihembe, na muda mwingi nimekuwa nikiongea kwa niaba yetu sote wawili. Sasa ona nilivyoshangaa siku ile Benadeta aliponisimamisha tukitoka kanisani, akaniambia, "Mama Koku, mumeo ana mdomo mtamu jamani. Watu wanatoka mpaka Ndama kuja kumsikiliza." Nikamwambia amemfananisha na mtu mwingine.

Kumbe hakumfananisha. Benadeta ana duka, na ubavuni mwa duka ana banda umiza, mabenchi sita na televisheni moja kubwa. Siku za mpira hapafai, watu wanakaliana magotini. Lakini kila mwaka kunakuwa na zile mbio za baiskeli za upande wa pili, Rwanda, na jirani yetu Twagirayezu, ambaye wazazi wake walitokea huko, hakosi hata siku moja. Anasema anaangalia milima, baiskeli zinampitia tu. Shida ni kwamba watangazaji wa kule wanasema Kifaransa, wakichoka wanasema Kiingereza, na bandani hakuna anayeambulia kitu.

Siku moja ya mbio hizo Cleophace aliingia kujikinga mvua. Twagirayezu akauliza, bila kumuuliza mtu, "Huyu wa jezi ya kijani mbona amekaa hivyo?" Mume wangu akajibu kutoka mlangoni, "Bega la kushoto limeshuka. Mgongo unamuuma. Kabla hawajafika juu atakuwa ameachwa." Na akaachwa kweli. Wakamuuliza habari za mwingine, akajibu. Wakamuuliza wa tatu, na Benadeta, mwanamke mwenye akili ya biashara, akachukua rimoti akazima sauti ya Wafaransa. Ikawa hivyo tangu siku hiyo.

Mtu atauliza alijulia wapi. Alijulia barabarani. Miaka kumi na tisa Cleophace alibeba ndizi kwa baiskeli kutoka huku kwetu hadi sokoni Kayanga, mikungu mitano, siku nyingine sita. Baiskeli yenye mzigo huo kilimani haipandwi, inasukumwa. Na huku kwetu ipo sheria ambayo haijaandikwa popote: mwenye mzigo kilimani hapitwi. Kama una mzigo wako unauacha chini, unamsukumia mwenzako mpaka juu, kisha mnashuka wote kuufuata wa kwako. Mwenye baiskeli yuko mbele ameshika usukani, wewe uko nyuma umeegemea mikungu. Hakuoni, maana ndizi zimepanda hadi kisogoni kwake. Anasikia tu mzigo umekuwa mwepesi, anasema "asante waitu", yaani asante ndugu, bila kugeuka.

Goti lake lilipoanza kuleta matata, binti yetu wa kwanza, Kokwijuka, alikuwa na miaka tisa. Akitoka shule alikuwa anamsubiri baba yake pale kilima kinapoanza, anamsukuma mpaka juu. Mimi nilikuwa nagomba. Utomvu wa ndizi ukiingia kwenye sare ya shule hautoki, hata ufue kwa majivu, na mtoto wa kike kusukuma mikungu barabarani niliona ni aibu. Baba mtu aliniitikia kwa kichwa, na mtoto kesho yake alikuwa palepale.

Miaka minne iliyopita goti likagoma kabisa. Baiskeli akampa Koku, yeye akakaa barazani. Siku moja nikiwa nachambua maharage akaniambia, "Mama Koku, mimi sasa sina kazi tena duniani." Nikamwambia aache upuuzi, nikaingia jikoni nikalia. Hajui mpaka leo. Kwa hiyo nasema wazi: lile banda la Benadeta ndilo lililonirudishia mume wangu, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kukanyaga humo. Nilikuwa nasema ni mahali pa wavivu. Ukishasema neno la namna hiyo mbele za watu linakufunga miguu.

Mwaka jana televisheni ya pale mjini Kayanga ikaanza kuonyesha mashindano ya baiskeli ya wilaya zetu mbili, Karagwe na Kyerwa. Mtangazaji alikuwa Winston, kijana wa mpira. Jamani, debe tupu haliachi kuvuma. Alianza kupiga kelele baiskeli zikiwa bado hazijaondoka, na mpaka zinafika nusu njia sauti ilikuwa imekauka kama ya jogoo mgonjwa. Alimsifu kwa dakika nzima bwana mmoja aliyekuwa anaenda shambani kwake na jembe begani, akidhani ni mshindani aliyejitenga na wenzake. Sisi tulikuwa tunaangalia kwa jirani. Cleophace alikunja uso mpaka mwisho, halafu tukiwa njiani akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Mtangazaji mbaya anakwambia unachokiona," alisema. "Anakwambia baiskeli inapanda mlima. Kwani mimi kipofu? Mzuri anakwambia usichokiona. Huyu ana kiu, huyu anaogopa kona, huyu anajificha nyuma ya mwenzake kukwepa upepo. Halafu ananyamaza, uone mwenyewe. Na hapendelei mtu. Na wa mwisho naye ana jina, litajwe."

Nikamwambia, "Kumbe una maneno yote hayo, na mimi nikikuuliza habari ya chumvi unaniitikia kwa kichwa." Akaitikia kwa kichwa.

Mwaka huu ndipo Athanasi, mkubwa wa pale kwenye televisheni, alipofika bandani kimyakimya, akakaa benchi la nyuma, akasikiliza. Kesho yake akaja nyumbani. Akasema atamweka Cleophace na Winston pamoja kwenye mbio za wanawake, Nkwenda hadi Kayanga. Akifanya vizuri, kazi ni yake, mashindano yote ya mwaka. Akiharibu, basi, hakuna kujaribiwa mara ya pili. Mume wangu alimsikiliza huku mkono wake umeshika lile goti. Nikajua hilo jambo likimponyoka hatarudi bandani wala popote. Atakaa barazani mpaka tumzike.

Sasa hapo pakawa na neno moja. Kwenye orodha ya washindani alikuwamo Kokwijuka wetu. Ana miaka ishirini na mbili, yuko kwenye klabu ya Kayanga, wamempa baiskeli ya gia. Athanasi hakuficha: "Mzee, usimtaje kuwa ni binti yako, na usimpendelee hata kidogo. Nikisikia harufu ya upendeleo tumemalizana." Cleophace akasema sawa.

Mimi sikusema sawa. Alipoondoka yule bwana nikamgeukia. "Baba Koku, mtoto amelala njaa, amevunja kucha, amechekwa na wanakwaya wenzangu kwa kuvaa bukta, halafu siku wilaya mbili zinamwangalia baba yake mzazi anamwita kama mtoto wa kuokota? Mtaje. Sema ni wa Byarugaba wa Ihembe." Akasema hatamtaja. Nikamwambia basi asinitaje na mimi. Tukalala mzungu wa nne.

Siku ya mbio nikajikuta nimekaa bandani kwa Benadeta, benchi la mbele, nimejifunga khanga kiunoni kama niliyekuja kupigana. Hakuna aliyenicheka. Twagirayezu alinisogezea nafasi tu. Cleophace na Winston walikuwa huko Kayanga wamekaa mbele ya kioo, na picha zilikuwa zinatoka kwa kijana aliyepakiwa kwenye bodaboda na kamera yake.

Nakiri, alitangaza vizuri. Winston akipiga kelele, yeye anasubiri, kelele zikiisha anaweka neno moja. "Dusabe wa Kyerwa hajanywa maji tangu tuanze. Anaweka akiba, anaogopa kile kilima." Au, "Wa nyuma kabisa ni Ainebyona. Amepata pancha mara mbili, na bado anatabasamu." Banda zima likamsogelea yule Ainebyona kwa moyo. Na Koku akawa mbele, peke yake, amewaacha wenzake kama nusu dakika, na baba yake akamtaja kama alivyowataja wengine: Kokwijuka wa klabu ya Kayanga. Nikasonya. Benadeta akanifinya.

Wakakaribia kile kilima kirefu cha kabla ya Nyakahanga. Kamati ilikuwa imesimamisha magari na bodaboda zote. Ila hakuna aliyekumbuka kuwasimamisha wabeba ndizi, maana huku kwetu nani anahesabu ndizi kuwa ni chombo cha moto? Katikati ya kilima palikuwa na mzee amevaa koti la mvua, baiskeli yake ina mikungu minne, ameinama, hasogei mbele wala nyuma.

Koku akamfikia. Akashuka kwenye baiskeli yake. Akailaza majanini, akaenda nyuma ya mikungu, akaweka mabega, akaanza kusukuma.

Winston akaruka. "Amekwisha! Kokwijuka amekwisha, miguu imegoma, ameshuka kwenye baiskeli!"

Nikamsubiri mume wangu amjibu. Hakujibu. Kioo kinaonyesha mwanangu anasukuma, unyayo unateleza, anauweka tena, na sauti hakuna. Hata Winston alinyamaza. Bandani tukawa tunasikia mvua ya jana inadondoka kutoka kwenye bati. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mtu huyu ameishiwa maneno leo, leo hii, na kazi ndiyo inakwenda. Niliona Dusabe anatokea chini, anapanda, anafika, anapita.

Ndipo Cleophace akasema, kwa sauti ya chini. "Hajachoka. Mtu aliyechoka hasukumi mzigo wa mwenzake." Akavuta pumzi. "Lakini ni kosa. Haya ni mashindano, na kwenye mashindano mwenye mzigo anapitwa. Dusabe hajavunja kitu, ana haki ya kupita, asilaumiwe na mtu. Kokwijuka amekosa. Na aliyemfundisha kosa hilo namjua, ni mtu wa Ihembe, alikuwa mbeba ndizi. Lawama apewe huyo."

Twagirayezu akavua kofia. Mimi sikuwa na la kuvua, nilikuwa nimekasirika hata machozi yanatoka. Koku alimfikisha yule mzee juu, akarudi mbio kufuata baiskeli yake, akamaliza wa nne. Dusabe akashinda, na mume wangu akamsifu kama inavyostahili, halafu akabaki palepale kwenye kioo mpaka Ainebyona alipofika, wa mwisho, akamtaja kwa jina lake na la baba yake.

Jioni tulikaa mezani watu watatu na sahani ya ndizi na maharage katikati. Koku alikuwa na utomvu mabegani kwenye ile jezi ya klabu, nami safari hii sikugombea nguo. Nilimgombea baba yake. "Umemwita mwanao mkosaji mbele ya wilaya mbili."

"Alikosa," akasema.

Kabla sijamrudishia, simu ikalia. Athanasi. Nikaweka sikio karibu, sioni aibu kusema. Alisema watu wamepiga simu mpaka betri imeisha, wanataka kujua huyo mbeba ndizi wa Ihembe ni nani, na kwamba mwezi ujao kuna mbio za wanaume, aje. Ila jambo moja. "Mzee, ulinyamaza sekunde ishirini na tano. Fundi alidhani mitambo imekufa, nusura akate waya mzima. Nihakikishie hutarudia."

"Hilo siwezi kukuahidi," akasema mume wangu.

Nilikaribia kumnyang'anya simu. Kule upande wa pili Athanasi akacheka, akasema basi tutaonana mwezi ujao. Cleophace akaweka simu mezani taratibu, akarudisha mkono juu ya goti.

Koku alikuwa hajagusa chakula. "Baba," akauliza, "wenzangu wanasema ulinyamaza kwa sababu ulinikasirikia."

Akatikisa kichwa. Nikadhani ndiyo basi, tumeshajibiwa. Lakini akafungua mdomo.

"Miaka ile yote ulinisukuma," akasema, "sikuwahi kukuona. Mikungu ilinizuia. Nilikuwa nasikia tu mzigo umepungua. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona unavyofanya." Akaitazama sahani yake. "Nilitaka nione mpaka mwisho."

Koku akainamisha kichwa, akaanza kula. Mimi nikainuka, nikampakulia mume wangu ndizi nyingine, bila kumuuliza kama zimemtosha.