Kikohozi Ndani ya Pedali ya Okello

Mara ya kwanza kumsikia Okello akikohoa, alikuwa na wiki tatu kaburini.

Sikuota. Ilikuwa saa nane mchana, Kawangware, na tulikuwa watu wanne chumbani.

Sauti ilitoka kwenye amplifaya. Kwanza pumzi, shhhh, kama ya mtu mwenye kifua kibovu. Halafu kop. Kop-kop. Kimya. Kop.

Caren, mjane wake, alikuwa amelishika gita bila kugusa waya hata moja.

"Mmesikia?" akasema Osewe, mdogo wa marehemu, naye mpiga gita. "Huyo ni bro. Amekataa."

"Amekataa nini, shemeji?"

"Mwanamke kushika gita yake. Nipe niende nayo, apumzike."

Mama mkwe wa Caren akaanza kulia.

Gita hilo ndilo lililokuwa likilisha watoto watatu. Tangu Okello augue, Caren alikuwa ameanza kulipiga kwenye harusi, na watu walikuwa wameanza kumuulizia.

"Jumamosi wazee wa ukoo watakuja," Osewe akasema. "Waskie wenyewe."

Mimi niliitwa kama fundi. Jina langu Nasike. Mwaka huo, 1996, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliachia shule darasa la sita, nikajifunza kuchoma lehemu kwa Wabwire, kibandani kwake Makina, Kibera. Maneno yalinishinda. Kuna wateja walidhani mimi ni bubu.

Caren alinishika mkono mlangoni. "Nasike, niambie ukweli. Ni yeye?"

"Nitaangalia," nikasema, nikaondoka mbio na pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachokaa kati ya gita na amplifaya.

Nilikuwa na sababu ya kukimbia.

Okello alipolazwa, Caren alituletea hiyo pedali imekufa. Wabwire hakuwepo. Ilihitaji IC moja, kale kadude keusi kenye miguu minane kanakokuza sauti ya gita. Nikachukua moja, namba 741, kwenye mkebe wa zile tulizong'oa kwenye redio mbovu. Nikajaribu, sauti ikapita, nikafunga.

Sikusikiliza kimya chake, gita likiwa halipigwi.

Okello hakurudi kuitumia, na kwenye harusi Caren alipiga bila pedali. Kwa hiyo kikohozi kilisikika mara ya kwanza baada ya mazishi.

Pale Makina niliifungua. Nikaing'oa 741. Kikohozi kikaisha.

"Hiyo imechoka," Wabwire akasema. "Zingine hupasuka ndani kama mahindi kwa sufuria. Weka 5534. Ndiyo wanaweka kwa mashini za studio."

Nikaweka. Bila gita, nikiwa nimeziba kwa waya mlango wa pedali, pale gita linapochomekwa, ilinyamaza kabisa. Nilipochomeka gita la pale kibandani, ile pumzi ikarudi. Shhhh.

Nywele zilinisimama.

"Wacha uoga," Wabwire akacheka. "Si mzimu, ni gita. Waya yake ndani ni ndefu, ni nyembamba kama nywele. 5534 inavuta umeme kidogo mlangoni, na kwa waya kama hiyo kuvuta ni kelele. Jaribu TL071. Kwa kitabu inaonekana mbaya zaidi, lakini hiyo haivuti."

Nikaweka TL071, nikachomeka gita.

Kimya. Nilisikia kuku wa jirani.

"Sasa utawaambia nani alifunga ile ya kwanza?" Wabwire akauliza.

Nikaifunga pedali, na ile 741 nikaitia mfukoni.

Jumamosi chumba kilijaa. Caren akachomeka pedali niliyomrudishia, akawasha. Kimya.

Wazee wakatazamana. Osewe akacheka. "Ameenda kwa sababu ameona tumekuja. Tukitoka atarudi. Gita iende."

Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa. Caren akaanza kuvua mkanda wa gita begani.

Sijui nilisimama saa ngapi.

"Si Okello," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nani?" mzee akauliza. "Ongea kwa nguvu."

"Ni mimi nilifunga IC mbovu. Anayekohoa ni hii." Nikafungua kiganja. Wote walioinama kutazama walirudi nyuma.

"Maneno ya fundi hayo," Osewe akasema.

"Nipe pedali yako," nikamwambia. Alikuwa amekuja nayo pamoja na gita lake.

Pedali yake pia ilitengenezwa na Wabwire, na Wabwire huchoma soketi tu, IC inachomekwa juu yake bila lehemu. Niling'oa IC yake kwa bisibisi, nikachomeka ile 741 kufumba na kufumbua. Nikachomeka gita lake.

Shhhh. Kop. Kop-kop.

Osewe aliruka, kiti kikaanguka. "Toa! Toa hiyo kitu kwangu!"

"Kwani bro amekataa na wewe pia?" Caren akauliza.

Wazee walicheka hadi mmoja akafuta machozi. Gita likabaki begani mwa Caren.

Watu walipoondoka nilimwomba msamaha. Siku zote hizo alikuwa amelala na hofu kwa sababu ya mkono wangu na mdomo wangu uliofungwa. Nikatoka nje kuitupa ile 741 mtaroni.

"Nasike, ngoja."

Alikuwa amenyoosha mkono.

"Nimekwambia si yeye," nikasema.

"Najua si yeye. Nipe tu."

Nilimpa. Akaifunga kwenye pindo la leso, palepale anapofunga ufunguo wa nyumba.

Wewe unayesoma hii, ukikosea kazi ya mtu, sema mapema. Kunyamaza kwako kunaweza kwenda kuwa mzimu nyumbani kwake.

Na ukishamtoa mzimu, usishangae waliofiwa wakikuomba uwarudishie kidogo.

Miezi baadaye nilipita kwa Caren mchana, mlango umerudishwa. Nikasikia ile pumzi ya 741 ndani. Kop.

Sikubisha hodi. Nilikaa hapo nje mpaka Caren akamaliza kuisikiliza.