Bunduki ya Ami ilivyoachana hewani harusini Bustan

Assalaam aleikum wakuu.

Hili limetokea kwetu huku Uarabuni, ukumbi mzima ni shahidi, sina haja ya kutia chumvi.

Mtoto wa ami yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Nizwa. Kwao harusi haijatimia bila razha, ngoma ambayo wanaume hurusha bunduki juu na kuidaka.

Sisi wa Unguja kazi yetu biriani tu.

Ami Seif, baba wa bibi harusi, akaapa hatosimama pembeni mbele ya wakwe.

Tatizo, bunduki ya razha ya maana bei yake inatoa jasho. Ami akasema, "Tutaiunda wenyewe. Si ya kupiga, ya kuchezea tu."

Mimi nna kazi ya budget ofisi moja Al Khuwair, basi nikafanywa fundi mkuu. Msiulize.

Sokoni Hamriya tukapata bomba la chuma zito, likawa mtutu. Hapo quality ilikuwepo. Mara Ami akaona pete za fedha za kufungia mtutu. Akazinunua zote, pesa ikaishia hapo.

"Ami, na kitako je? Ndicho kinachoshika kila kitu."

"Kitako nani anakitazama? Tia mbao yoyote, gundi ipo."

Nikatia.

Siku ya siku, ukumbini Bustan, ngoma imekolea. Ami akarusha. Mashaallah, ilipanda inang'ara.

Ilishuka vipande viwili.

Mtutu aliudaka. Kitako kikaenda zake, kikatua kwenye sinia la halua mbele ya babu yake bwana harusi. Kikasimama wima.

Mimi nishaanza Ayatul Kursi, naona ndoa inakwenda na maji.

Babu akakitazama kitako, akamtazama Ami. Akauliza kwa Kiarabu, "Zanzibar ndivyo mnavyocheza?"

Ami hakupepesa jicho. "Naam. Kitako hupewa mkwe."

Yule mzee akainuka, akamkumbatia! Watu makofi.

Sasa kila harusi yao tunaitwa, na Ami lazima arushe "ya Kizanzibari". Kwa hiyo naunda bunduki ya kuachana kwa uhakika bila kumpasua mtu kichwa. Wallahi ni ghali kuliko nzima.

Nilichojifunza: pesa ianze panapobeba uzito, mapambo baadaye. Na ukibana huko, hakikisha una ami mwenye uso mkavu.

Mwenye kujua skrubu inayoachia hewani kwa adabu, aseme hapo chini. Harusi ni Ijumaa.