Wanawake Waliochimba Kaburi la MaNhlabathi

Mama yake Ntombizile Mavuso alifariki Jumatatu alfajiri, mwaka wa nne tangu sisi watu weusi wa Afrika Kusini tupige kura kwa mara ya kwanza. Kabla ya saa nne, binti huyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa Kloppers, mwenye shamba, akiomba ruhusa ya kumzika.

Aliomba ruhusa. Sitaki jambo hilo lipite kimyakimya. Akina Mavuso walikuwa katika bonde lile kabla ukoo wa Kloppers haujaingiza hata ng'ombe mmoja. Baba yake Ntombizile na babu yake wamelala mtelemkoni, juu ya zizi. Mama yake, tuliyemwita MaNhlabathi kwa ukoo wa baba yake kama ilivyo desturi yetu, aliacha wosia mmoja tu: azikwe ubavuni mwa mumewe.

Ntombizile alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia katika jiko la Kloppers. Silaha yake ilikuwa subira. Alijua wakati wa kuomba: Jumapili, nyama ikishaliwa na kahawa haijaletwa. Kwa njia hiyo alitupatia sisi tunaoishi shambani humo bomba la maji na ruhusa ya kufuga ng'ombe watatu kwa kila nyumba. Mdogo wake, Mbhekeni, mtu wa chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha mbao, alimcheka. "Dada, wewe unapigana vita kwa kijiko cha supu."

"Na wewe uliyepigana kwa mdomo, bomba lako liko wapi?"

Jumatatu ile kijiko hakikufaa kitu.

"Pole sana, Sofi," alisema Kloppers. Hivyo ndivyo walivyomwita jikoni. "Mama yako alikuwa mtu mwema. Nitatoa lori, mkamzike mjini. Hapa makaburi basi."

"Bwana, baba yupo pale."

"Najua. Na kila kaburi kesho litasimama mahakamani kusema shamba ni lenu."

Alisema kweli. Hatuna hati, tuna makaburi. Mwaka uliotangulia trekta lake lilipita juu ya yale ya bondeni, mawe yakasukumwa mtaroni. Kloppers alidai dereva hakuyaona. Dereva ni mwenzetu. Aliyaona.

Mchana huo tulikusanyika kwenye nyumba ya msiba. Mchungaji Zwane alishauri tukubali lori. "Wapendwa, udongo wote ni wa Mungu."

"Basi mwambie Kloppers yeye akazikwe mjini," Mbhekeni akajibu, na hata waombolezaji wakacheka.

"Unataka nini, kijana? Damu?"

"Nataka aogope. Siku moja tu, aogope yeye."

Jumatano Mbhekeni akakata uzio na kuchoma nyasi kavu za ng'ombe wa Kloppers. Moto ule ulipendeza macho, sikatai. Lakini saa sita polisi walikuwa wamemchukua, na saa nane Kloppers alikuwa akipita nyumba kwa nyumba: mwanamume atakayeshika sururu juu ya zizi hana kazi wala makazi.

Alhamisi Ntombizile alikwenda mjini kwa wakili wa msaada wa kisheria, bwana mdogo aitwaye Dlomo. Dlomo alimsikiliza vizuri, akamweleza kwamba kesi ingechukua miezi. Mama angekaa kwenye friji la hospitali. Alipokuwa akifunga jalada, akaongeza kwa masikitiko, "Angekuwa ameshazikwa, lingekuwa jambo jingine, mama. Maiti haifukuliwi bila amri ya hakimu. Hapo Kloppers ndiye angelazimika kwenda mahakamani."

Ntombizile alirudi na sentensi hiyo kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Kwetu kaburi huchimbwa na wanaume. Wanawake hukaa mkekani na maiti. Ijumaa aliwaita wanaume, akawaomba. Wote wakatazama viatu vyao.

"Vizuri," akasema. "Tutachimba sisi."

"Ni mwiko!" Mchungaji Zwane akashtuka.

"Mwiko ni mama yangu kugandishwa kama kuku wa dukani."

Jumamosi, jua likichomoza, wanawake saba walipanda mtelemko na majembe ya kupalilia mahindi. Ardhi ile ina mawe. Viganja vilichubuka. Wanaume walisimama ng'ambo ya uzio, na mzee Magagula akashindwa kunyamaza.

"Shimo limepinda hilo!"

"Njoo ulinyooshe!" Ntombizile akamjibu.

"Nina watoto, MaMavuso."

"Tuliwazaa sisi hao watoto! Unawafahamu zaidi yetu?"

Magagula hakuja. Hakuna aliyekuja. Naandika hivyo kwa sababu wengi wao sasa husimulia kwamba walikuwepo.

Gari la maiti lilifika saa tatu. Kloppers alipokuja na polisi wawili, jeneza lilikuwa limeshafunikwa udongo.

"Sofi! Mtoe huyo mtu humo!"

"Ntombizile," alimjibu, akiendelea kuvuta udongo kwa jembe. "Naitwa Ntombizile Mavuso. Kama unataka atoke, mlete hakimu."

Polisi mmoja alikohoa. "Bwana Kloppers, unayo amri ya mahakama?"

Hakuwa nayo. Akamnyooshea Ntombizile kidole. "Jumatatu huna kazi. Nyumba naibomoa."

Aliibomoa. Ntombizile sasa anaishi kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara kuu. Mbhekeni alitoka rumande baada ya siku kumi na moja na kugombana naye kutwa nzima: yeye akidai moto wake ndio uliomtikisa Kloppers, dada yake akidai moto huo ndio uliowatia wanaume woga. Hawajakubaliana. Kloppers hajakwenda mahakamani.

Juzi mgeni mmoja kanisani alimshika Ntombizile mkono, akampongeza kwa ushindi wake. Yeye alimkazia macho mpaka yule mtu akaachia mkono wake.

"Ushindi gani? Nimemzika mama yangu. Hata mbwa wa Kloppers huzikwa shambani," alisema. "Kinachonichoma ni kwamba niliomba. Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Niliomba vizuri sana."