Mguu Niliouua kwa Mpira wa Tyubu

Kabla hamjaanza kunionea huruma, naomba mniangalie vizuri. Naitwa Seif, fundi baiskeli wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nyumbani Magomeni. Sista wa kliniki kaniomba niongee nanyi wakati mnasubiri kupimwa sukari. Nimemwambia nitaongea, ila siji kulia. Nilishalia vya kutosha, tena kwa sauti, na majirani walisikia.

Zamani nilikuwa mtu wa kujisifu. Baiskeli ya mtumba ambayo imewashinda wenzangu, mimi naifufua. Na sisi mafundi tuna dawa mbili tu. Kitu kikichafuka, petroli. Kitu kikilegea, mpira. Unachana tyubu iliyochakaa, unapata kamba inayovutika, unafunga nayo kreti, kiti, hata mlango. Ukijikata mkono unamwagia petroli, unakaza mpira, unaendelea na kazi. Nilifundishwa hivyo, na mimi nikafundisha wengine. Mungu anisamehe.

Kila mwaka mimi na Mangi, Mchagga mwenye duka la spea jirani yangu, tunapakia baiskeli kwenye basi la kusini. Tunashuka Njia Nne, tunaiacha lami, tunakamata changarawe kupanda milima ya kwetu Umatumbi. Baiskeli zetu zina tairi nene za kashata, zile zenye vinundu, maana njia ile haina adabu. Tunazunguka kupitia Kibata, walikopigana Wajerumani na Waingereza. Mahandaki yao bado yapo, yameota majani, mbuzi wanashinda humo. Mwisho wa safari ni Nandete, kwenye mnara wa Majimaji.

Mangi anaenda kunyoosha miguu. Mimi nina jambo langu. Baba wa babu yangu, Likwembe, aliuawa kwenye vita ya Majimaji. Kaburi lake halijulikani, jina lake halijaandikwa popote. Baba yangu alikuwa anafika pale kila mwaka, anaweka mkono kwenye mnara, anamtaja kwa sauti. Alipokuwa anaumwa aliniambia, "Seif, ukinyamaza wewe, yule mtu ndiyo kafa kweli." Sina kaka, na watoto wangu hawataki kusikia habari za milima. Kwa hiyo ni mimi.

Sasa sikilizeni dalili, maana zilinipigia kelele mwaka mzima. Nilikuwa nakunywa maji, kiu haiishi. Naamka kukojoa mara nne, mara tano. Suruali zikaanza kunivuka. Mke wangu Zuhura akasema, "Baba Fatu, unakonda." Nikamjibu ni mazoezi. Nyayo zikafa ganzi, naona nakanyaga pamba. Nikasema ni pedeli. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Mwaka huo tukaenda kama kawaida. Tulipofika mteremko wa Kibata changarawe ikanivuta, nikaanguka. Meno ya pedeli yakanichimba juu kidogo ya kisigino. Sikusikia maumivu. Mangi ndiye aliyeona kiatu kimejaa damu. Akaniambia, "Fundi, twende zahanati." Nikamwambia, "Zahanati kwa mkwaruzo?" Nikaomba petroli kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita, nikamwagia. Halafu nikachomoa mpira mfukoni, nikauzungusha mara sita, nikakaza kwa meno. Nikapanda baiskeli.

Asubuhi yake mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, unawaka moto. Nilitaka kuendelea hivyo hivyo. Mangi akakaa juu ya gurudumu langu la mbele, akagoma kunyanyuka. Tukarudi. Nandete ilibaki kilima kimoja tu, na jina la Likwembe halikutajwa mwaka ule. Hilo liliniuma kuliko kidonda.

Ungedhani nilienda hospitali. Wapi. Nilirudi kibandani kwangu, nikawa nakaa juu ya kreti nafanya kazi, mguu umefungwa. Siku za mwanzo nafungua, naosha, namwagia petroli, nafunga tena. Nikavaa soksi tatu kuzuia harufu. Siku ya nane Zuhura aliingia chumbani akasimama mlangoni. Akauliza, "Kuna panya amekufa humu?" Akanivua soksi kwa nguvu. Alichokiona sitawaficha: kisigino cheusi, usaha wa kijani, na mpira umezama kwenye nyama hauonekani. Hakupiga kelele. Alifunga kanga yake vizuri, akatoka kutafuta bajaji.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu. "Shikamoo baba." Marahaba. Akaukata ule mpira kwa mkasi, akaunyanyua kwa koleo. "Nani kakufunga hivi?" Nikasema mimi. Akanitoboa kidole, kipimo kikagoma kusoma, sukari imepita uwezo wake. Akanieleza taratibu. Sukari ilishaua hisia za mguu na kupunguza damu, ndiyo maana sikusikia kitu. Damu kidogo iliyobaki niliifungia njia mwenyewe. Petroli ikaunguza nyama iliyokuwa inajaribu kupona. "Baba, tunakata chini ya goti. Leo."

Nikakataa. Nikamwambia nitazikwa na miguu yangu miwili. Akasema, "Huu umeshakufa, baba. Unakusubiri tu uufuate." Nikageukia ukutani. Zuhura akavuta kiti karibu. Akasema, "Niliolewa na wewe, sikuolewa na mguu. Hiyo karatasi utaisaini, au nikushike mkono kama mtoto wa chekechea?" Nikasaini.

Nilipoamka, shuka lilikuwa limelala bapa pale palipotakiwa kuwa na mguu. Vidole ambavyo havipo vilikuwa vinawasha, nikawa nakuna hewa. Hapo ndipo nilipolia. Kigutu kilitoa maji wiki nyingi. Nilijifunza kujichoma insulini tumboni na kula kwa saa. Wageni wakaja na pole zao. Mmoja, sitamtaja, alisema, "Ndiyo basi tena, uza baiskeli ukae upumzike." Nilimfukuza. Zuhura akaniomba nimpigie simu ya msamaha, na mpaka leo sijapiga.

Kesho yake akaja Mangi, ameburuta baiskeli yangu kutoka Kariakoo mpaka Magomeni. Akaiegemeza mbele ya kitanda. "Mmatumbi, mnyororo umeshika kutu. Fundi gani wewe?" Nikamwambia aniletee oili. Siku hiyo ndiyo nilianza kupona.

Mguu bandia ulipokuja, kutembea nilijifunza. Kazi ilikuwa pedeli. Ule mguu hauna habari na wewe, changarawe ikitikisa kidogo unachomoka kwenye pedeli. Nilianguka nyuma ya soko mara nyingi, watu wakishuhudia. Mangi akasema, "Dawa yake unaijua." Naijua. Lakini tangu hospitali nilikuwa sigusi mpira. Siku tatu niliutazama tu ukining'inia kwenye msumari. Siku ya nne nikauchukua, nikafunga unyayo wa bandia kwenye pedeli, mara sita, nikakaza kwa meno. Nikaacha ncha nje, ili nikianguka niivute inifungue. Nikamwambia Mangi, "Huu nao uoze tuone."

Yule binti daktari nilimpelekea habari kwamba narudi Nandete kwa baiskeli, nikitegemea kugombezwa. Alisema, "Nenda baba, lakini kigutu unakikagua kila mkisimama, na sukari unapima." Nilitii. Kila tuliposimama nilivua, Mangi akimulika kwa simu hata jua likiwa utosini.

Kwenye mteremko wa Kibata Mangi akaniambia nishuke nikokote. Sikushuka. Nilibana breki, nikateremka pale pale nilipoanguka, na mbuzi wakanipisha. Kilima cha mwisho kilinitoa roho. Nilitapika pembeni, nikapima, nikala ndizi, nikapanda.

Pale mnarani niliweka mkono kwenye jiwe, nikasema, "Likwembe. Mimi Seif. Nisamehe nimechelewa." Nikamwambia yote. Nikamwambia, wewe waliokudanganya kwamba risasi zitageuka maji angalau walikuwa watu wengine. Mimi wa petroli nilijidanganya mwenyewe. Mangi alikuwa amesimama mbali, amevua kofia, anajifanya anakagua tairi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti, na Mchagga aliyekalia gurudumu langu. Zuhura namshukuru nyumbani, hapa mtanicheka. Mwakani naenda tena, na anayesubiri niseme basi atasubiri sana.

Nanyi acheni kunikodolea macho. Nimewaona, mama pale umeficha mguu chini ya benchi tangu nimeanza kuongea. Kidonda kisichouma ndicho cha kukimbizia hospitali. Haya, vueni viatu wote, kila mtu amwangalie mwenzake unyayo. Mimi naanza. Wangu ni mmoja tu, sitawachelewesha.