Kila Sindano na Jina Lake

Mimi ndiye mtoa dawa ya usingizi ninayewachosha wauguzi kwa hotuba: sindano isiyo na lebo, mwaga! Juzi, hospitalini kwetu Mwanza, niliandika majina ya dawa kwenye vipande vya plasta, nikavibandika kwenye kiti vinisubiri, kisha kama bwege nikakikalia.

Mezani nilikuwa na sindano mbili, dawa zote zimefanana na maji. Moja inalaza, nyingine inakata pumzi.

Bibi mmoja wa Kisesa alikuwa kitandani, macho kodo. Nikainuka, nikamgeuzia mgongo, nikachukua moja.

“Usiogope, bibi. Kwangu kila sindano ina jina.”

“Mjukuu wangu,” akasema, chumba kizima kikisikia, “hiyo haina. Majina yote unayo makalioni.”