Jino Lisilouma

Kuonja mvinyo si kunywa. Nimewaeleza hivyo watu wengi maishani mwangu na bado sichoki, kwa sababu anayeuliza huwa anataka kweli kujua. Kwanza unautazama kwenye glasi, umeiinamisha mbele ya kitu cheupe. Kisha unaunusa. Halafu unachukua funda dogo, unaliacha likae juu ya ulimi, na unavuta hewa kupitia midomo iliyobanwa, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Hewa ile huiamsha harufu. Mwisho unatema kwenye ndoo, maana ukimeza kila funda, hutamaliza chupa zilizo mezani ukiwa na akili zako. Jaribu na chai leo jioni. Utashangaa chai yako ina mambo mangapi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Niliandika habari za mvinyo kwenye jarida moja la Dar es Salaam. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, mume wangu alihamishiwa Babati, nami nikahamia huko na chupa zangu. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Nakwa, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akilima mahindi na maharage Sigino. Mara kwa mara nilipanda basi kupitia Kondoa hadi Dodoma kunakotengenezwa mvinyo, nikarudi na vumbi hadi kwenye nyusi na chupa zilizoviringishwa kwenye kanga. Mume akishakwenda ofisini, nilizipanga mezani, ndoo ikiwa miguuni, nikaonja na kuandika.

Aibu ilinisubiri uani. Chupa tupu hazina pa kujificha katika ua wa pamoja. Nilizifunga kwa magazeti, nikazipeleka jalalani kabla majirani hawajafungua madirisha, nazo ziligongana njia nzima.

Siku moja mama mwenye nyumba alinikuta nikitema.

"Shikamoo, mama," nilisema, kidevu kimelowa.

"Marahaba. Unaumwa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa mlangoni, ungo wa maharage mikononi.

"Kwa hiyo humezi?"

"Simezi, mama."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwanangu, dunia ina kazi!"

Ni yeye aliyenipeleka kanisani. Pale mgeni hakukaribia Meza ya Bwana mpaka mtu wa jumuiya asimame na kusema anamfahamu. Jumuiya yetu ilikuwa majirani waliosali pamoja nyumbani kila Jumatano, na walikuwa wameanza kunong'ona: mke wa ofisa, yule wa chupa. Mama mwenye nyumba akasimama. "Huyu si mlevi. Nakaa naye, nimemwona kwa macho yangu. Nimemaliza." Hakuna aliyepinga, kwa kuwa mama yule alijulikana kwa kutodanganya, hata sokoni. Mteja akimuuliza kama maharage yana wadudu, na kweli wapo, alijibu kwamba wapo.

Jumapili iliyofuata nilipiga magoti mbele ya madhabahu, kati yake na jirani yetu muuza mitumba. Mchungaji akanifikishia kikombe. Divai ilipogusa ulimi, midomo ikajibana yenyewe, nikavuta hewa. Kwaya ilikuwa imenyamaza kati ya beti mbili, na mlio ule mrefu wa kufyonza ulisikika mpaka benchi la nyuma. Kama hilo halikutosha, nikageuza kichwa kutafuta ndoo. Nikakutana na macho ya mama mwenye nyumba. Nikameza.

"Haya dada," muuza mitumba aliniambia tulipotoka nje, "divai ya leo umeipa maksi ngapi?"

Waliokuwa karibu wakaziba midomo kwa kanga. Nami nilicheka nao, kicheko kibaya kisichotaka kuisha. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshatangulia njiani, anatembea haraka.

Jumatano hiyo jumuiya ilikutana sebuleni kwake. Kiongozi wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alisema kwa upole, "Mama, wewe ulisimama na huyu dada. Jumapili kanisa zima limemsikia. Sasa sisi tuelewe nini?"

Nikafungua mdomo kueleza. Kueleza ndiko ninakokuweza. Lakini mama aliniwahi.

"Ana jino bovu," alisema. "Kitu cha baridi kikiligusa tu, anavuta hewa namna ile. Hata maji."

"Masikini!" wakasema wote kwa pamoja.

Sebule nzima ikanigeukia kwa huruma. Muuza mitumba alikimbilia kwake akarudi na karafuu kwenye kiganja. "Nisamehe, dada, kumbe nilimtania mgonjwa. Upande gani?"

"Wa kulia," nilisema.

Hapo uongo ukawa wa watu wawili. Nilitafuna karafuu huku wakinitazama kama mama anavyomtazama mtoto akimeza dawa. Ganzi ikanienea ulimi mzima. Mama alikuwa akimimina chai, na nyingine ikamwagikia sahanini.

Jumapili, washirika walipoitwa mezani, mama hakuinuka. Alibaki kwenye benchi, mikono juu ya mkoba, watu wakipita kwa shida mbele ya magoti yake.

"Mama, twende," nilinong'ona.

"Nenda wewe. Mimi nimesema uongo kwenye maombi. Siendi nao pale."

Nilibaki naye, ingawa hakuna aliyejali kubaki kwangu. Walimtazama yeye. Nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake, mama yule kafanya nini? Ningefurahi kama wangenicheka tena mimi, kwa sauti, mwaka mzima.

Jioni nilimfuata jikoni nikamwambia nitakwenda kuwaeleza ukweli.

"Ukieleza, watajua mimi ni mwongo."

"Na nisipoeleza?"

Aliokota jiwe kwenye ungo wa maharage, akalitupa nje. "Hata hivyo mimi mwenyewe najua," alisema. "Basi eleza. Ila niwepo."

Kwa hiyo Jumatano nilisimama mbele yao. "Jino langu haliumi," nilisema, "wala halijawahi kuuma." Nikafungua mdomo, na mwalimu, Mungu ambariki, akachungulia kweli. Nikachukua kikombe cha chai nikawaonyesha kazi yangu ilivyo. Mlio ulikuwa uleule wa madhabahuni. Mtu mmoja alishtuka.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa kazini?" muuza mitumba akauliza.

"Nilikuwa kazini."

"Na karafuu zangu?"

"Nilizitafuna zote."

Alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Mwalimu akamgeukia mama, lakini mama hakungoja kuulizwa.

"Nilidanganya," alisema. "Niliona aibu nitaonekana nilimsimamia mtu nisiyemjua. Na namjua."

Hakuna aliyemkemea. Wala hakuna aliyesema kwamba si kitu, na nadhani hilo lilikuwa heshima kwake. Mwalimu alisema tu, "Tupige magoti," tukapiga magoti sote kwenye sakafu ya saruji, tukasali sala ya toba, ile ya kila Jumapili, safari hii polepole.

Tulipomaliza wengine walisimama. Magoti ya mama yalikuwa yamechoshwa na jembe, na siku zote alijiinua kwa kushika kiti. Kiti kilikuwa karibu. Aliweka mkono begani kwangu. Hakunitazama, lakini alinikandamiza kwa uzito wake wote, nami nilibaki nimepiga magoti, nimejikaza, mpaka alipokwisha kusimama.